Maisha ya Daktari Clive Irvine wa Chogoria



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa tumkumbuke Daktari Archibald Clive Irvine, aliyekwisha kufariki zamani. Si kwamba twataka kumsifu tu; maisha yake yahusu jambo linalotushughulisha kila tukutanapo kugawa fedha za karo, yaani ni watoto gani wasomeshwe udaktari.

Daktari Irvine alikuwa mtumishi wa Misheni ya Kanisa la Scotland. Mwaka 1922 alifika Chogoria, katika nchi ya Wamwimbi, chini ya Mlima Kenya upande wa mashariki, pamoja na mkewe Bibi Joy. Fedha za kuanzisha kituo zilitolewa na baba wa Bibi huyo, mfanyabiashara Ernest Carr. Hapo pakajengwa hospitali, kanisa na shule. Katika miaka hiyo sindano za kutibu buba ziliwavuta watu wengi wa Kenya kuziamini dawa za Wazungu. Daktari Irvine alikaa na watu wetu kwa miaka mingi, hata wakati wa uhuru ukakaribia.

Hakuwa peke yake katika upande huu wa Mlima. Kule Kigari kwa Waembu alikwisha kuja Daktari Crawford kutoka Kanada, na Maua katika Igembe Wamethodisti walijenga hospitali yao. Lakini waganga hao waanzilishi wote walikuwa Wazungu. Katika kazi za Serikali cheo kilifuata rangi: Mzungu alikuwa daktari kamili, Mhindi aliyehitimu aliitwa msaidizi na mshahara wake ulikuwa mdogo, Mwafrika alikuwa dresa. Dresa ndiye aliyefunga vidonda, aliyekesha na wagonjwa, na aliyemfasiria daktari maneno ya mgonjwa. Pasipo yeye hospitali isingeweza kufanya kazi hata siku moja, wala jina la daktari halikuwa lake.

Upungufu wa mpango huo ulionekana mwaka 1929. Misheni iliwataka waumini wake wakatae tohara ya wasichana, na Daktari Irvine alilishikilia sharti hilo kwa nguvu. Watu wengi walilihama kanisa na shule. Leo sheria ya mwaka 2011 yakataza ukeketaji, nasi hatuutetei hata kidogo. Kwa madhara yake daktari alikuwa na haki. Lakini twajiuliza: kama siku zile angalikuwapo daktari mzaliwa wa Mwimbi au Chuka, mwenye elimu ile ile na lugha ya mama zetu, je, habari ile isingalifika nyumbani kama shauri la ndugu, badala ya kufika kama amri ya mgeni? Ukweli usemwao na mtu wa mbali huchelewa kuingia moyoni.

Njia ya Waafrika ilifunguliwa polepole. Mafunzo ya udaktari yalianza Mulago, Uganda, mwaka 1924, na vijana wa Kenya wakaenda huko kwa Makerere. Waliporudi walipewa cheo cha msaidizi na mshahara wa chini kuliko wa Mzungu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967 tu, miaka arobaini na mitano baada ya Irvine kufika Chogoria.

Leo hospitali ile yaendeshwa na Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, na chuo chake cha uuguzi chaitwa kwa jina la Irvine. Heshima hiyo yamstahili. Aliiacha nchi yake akaja kuwatibu watu asiowajua, na wazee wengi walizaliwa mikononi mwa hospitali yake.

Basi, Wanachama, deni letu ni lipi? Tusije tukaondoa ubaguzi wa rangi tukaweka ubaguzi wa kabila au wa nyumba. Mtoto wa Tharaka na wa Mbeere, kule chini kwenye jua kali, ahesabiwe sawa na wa Imenti na wa Embu penye chai na kahawa. Na msichana sawa na mvulana. Mgonjwa anayesikilizwa kwa lugha yake huueleza ugonjwa wake wote. Twawaomba mtoe michango yenu mapema, ili majina ya wanafunzi yatakapoletwa mbele ya Halmashauri, asiachwe yeyote kwa sababu ya kwao.