Padre Clavius na Machi 21

Christopher Clavius alizaliwa Machi 25, 1538, katika mji wa Bamberg, Ujerumani. Mwaka 1555, angali kijana, alipokelewa Roma katika Shirika la Yesu, Mtakatifu Inyasi wa Loyola akiwa bado hai. Wakubwa wake wakampeleka Coimbra, Ureno, kwa masomo. Akiwa huko, Agosti 21, 1560, jua lilipatwa kabisa mchana. Nyota zikaonekana, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi ndege walivyoanguka chini kwa hofu. Kijana huyo hakulisahau giza lile. Aliporudi Roma akawa padre na mwalimu wa hisabati katika Chuo cha Kijesuiti, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, na huko alitumia karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Jina lake limeshikamana na siku moja ya mwaka, ambayo sisi tuishio karibu na ikweta ni vigumu hata kuitambua. Wanafalaki huiita sikusare, yaani siku ambayo usiku na mchana huwa karibu sawa duniani kote. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama, kwa hiyo kwa nusu ya mwaka upande wa kaskazini hupata jua zaidi, na kwa nusu nyingine upande wa kusini. Kati ya vipindi hivyo jua huvuka mstari wa ikweta mara mbili, Machi na Septemba. Siku hizo mtu aliyesimama kwenye ikweta huwa na jua utosini wakati wa adhuhuri, na kivuli chake humkusanyikia miguuni. Kwetu mchana ni saa 12 karibu mwaka mzima, basi nani atashangaa? Lakini Roma mchana wa Desemba ni wa saa 9 tu na wa Juni ni wa saa 15. Kule sikusare ya Machi ni mlango wa majira mapya.

Kanisa lilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuijali. Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tangu sikusare ya Machi, na tangu enzi za Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, sikusare hiyo ilihesabiwa kuwa Machi 21. Shida ilikuwa kwenye kalenda ya Julius Caesar. Iliupa mwaka siku 365 na saa 6 kamili, ilhali mwaka wa jua umepungua dakika 11 hivi kutoka hapo. Dakika 11 ni kitu gani? Katika miaka 128 ni siku nzima. Kufikia wakati wa Clavius, sikusare halisi ilikuwa imerudi hadi Machi 11, na makasisi waliendelea kuhesabu Pasaka kwa Machi 21. Kuna miaka ambayo waamini walikuwa bado wanafunga Kwaresima wakati, kwa jua na mwezi vilivyo, Pasaka ilikwisha kupita.

Papa Gregori XIII aliunda tume, na Clavius akawa mmoja wa wajumbe wake. Tuwe waangalifu hapa, kwa maana mara nyingi watu humpa sifa isiyo yake. Mpango wenyewe ulibuniwa na Luigi Lilio, daktari kutoka Calabria, aliyefariki mwaka 1576 kabla ya kuona matunda ya kazi yake. Ndugu yake Antonio ndiye aliyeuwasilisha. Mjumbe mwingine, Mdominikani Ignazio Danti, alichora mstari sakafuni katika mnara mmoja wa Vatikani. Mwali wa jua ulioingia kwa tundu la ukutani ukaonyesha wazi kwamba jua na kalenda vimeachana kwa siku 10. Kazi ya Clavius ilikuwa kuupima mpango wa Lilio, kuukamilisha, na kisha kuutetea.

Februari 24, 1582, Papa alitia saini hati ya kuidhinisha kalenda mpya. Miaka ya mwisho wa karne isingekuwa tena mirefu isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa na Februari 29, bali 2000 ulikuwa nayo. Na siku 10 zikaondolewa: Alhamisi, Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ilifuatwa na Ijumaa, Oktoba 15. Usiku huohuo, huko Hispania, Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki, na ndiyo sababu sikukuu yake tunaiadhimisha Oktoba 15.

Mapigano yakaanza. Michael Maestlin, mwalimu wa Kepler, aliipinga kalenda hiyo; Joseph Scaliger aliipinga; hata François Viète, Mkatoliki na mwanahisabati hodari, alisema ina kasoro. Hoja nzito zaidi ilikuwa hii: kwa nini mfuate jedwali na si anga lenyewe? Maana kalenda mpya imeifunga sikusare ya Kanisa kwenye Machi 21, ilhali ile halisi huweza kuja Machi 19 au 20. Hata mwezi wa Pasaka ni wa hesabu. Si lazima ulingane na ule tunaouona juu.

Clavius alilijua hilo vizuri. Alichagua jedwali kwa makusudi, kwa sababu anga halisi lingehitaji mwanafalaki kila mahali, na wanafalaki wenyewe hawakubaliani hadi dakika ya mwisho. Zaidi ya hayo, saa si moja Roma na Goa. Jedwali lingemwezesha paroko yeyote, popote, kupata Jumapili ileile. Mwaka 1603 alichapisha kitabu kikubwa cha kueleza kalenda yote, akijibu wapinzani mmoja mmoja.

Alikuwa pia na mipaka yake. Hadi kufa aliamini dunia imetulia na jua ndilo linaloizunguka. Lakini alipigania hisabati ifundishwe katika vyuo vya Wajesuiti wakati wengi waliiona somo la kando, na mwanafunzi wake Matteo Ricci aliipeleka China. Akiwa mzee alitazama kwa darubini miezi ya Sumbula aliyoitangaza Galileo, akakiri ipo. Alifariki Roma Februari 1612.

Mwaka 1700 Waprotestanti wa Ujerumani waliikubali kalenda, ila Pasaka wakaihesabu kwa anga halisi. Matokeo yake, mwaka 1724 na tena 1744, majirani wa mtaa mmoja waliadhimisha Pasaka kwa tofauti ya juma zima, na mwaka 1776 wakaachana na utaratibu huo. Sisi nasi tumepitia jambo kama hilo, ingawa wachache walilitambua. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka usiku wa kuamkia Machi 21, saa chache tu baada ya sikusare. Kwa anga, Pasaka ingekuwa Machi 24. Kwa jedwali la Clavius ilikuwa Aprili 21, na parokia zote zilizofuata kalenda ya Gregori ziliwasha mshumaa wa Pasaka usiku mmoja.