Abebe Bikila baada ya ajali

Likitajwa jina la Abebe Bikila, wengi wetu tunakumbuka miguu. Ndiye yule askari wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku. Mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, safari hii akiwa na viatu, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Leo tuzungumzie mikono yake.

Machi 1969 gari lake dogo lilipinduka, akapooza. Mwanzoni hata mikono haikufanya kazi. Alipelekwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, ambako daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanzisha mashindano ya michezo kwa walioumia uti wa mgongo. Alitibiwa huko miezi minane. Nguvu za mikono zilirudi, za miguu hazikurudi.

Angeweza kukaa nyumbani na medali zake, na nani angemlaumu? Yeye alishika upinde. Mwaka 1970 alishindana kulenga shabaha kwa mishale, akacheza na tenisi ya meza. Mwaka uliofuata alikwenda Norway, akashinda mbio za kilomita 25 akiwa ameketi kwenye sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Mwethiopia kwenye theluji, hebu fikiria!

Olimpiki ya Munich ya 1972 ilimpokea kama mgeni wa heshima, kwenye kiti chake cha magurudumu, na uwanja mzima ukamshangilia. Alifariki Oktoba 1973 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, madhara ya ile ajali. Alikuwa na miaka 41.