Tajiri wa almasi wa Mwadui aliyeuawa na saratani ya koo

Ukitaja Mwadui kwa mtu wa Shinyanga, haraka haraka anawaza almasi. Wachache wanajua aliyeugundua mgodi huo, Dk. John Williamson, aliondokaje duniani. Si malaria, wala si ajali ya mgodini. Alikufa kwa saratani ya koo Januari 1958, akiwa na miaka 50 tu.

Williamson alizaliwa 1907 huko Quebec, Kanada, na akasomea jiolojia Chuo Kikuu cha McGill. Miaka ya 1930 alikuja Afrika, akafanya kazi mgodi wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Baadaye akaamua kutafuta mwenyewe. Akazunguka Usukuma na kikosi kidogo cha vibarua, hela ikiwa ya kuungaunga, mpaka 1940 alipoupata mwamba wa Mwadui. Una ukubwa wa hekta 146 hivi juu ya ardhi, moja ya miamba mikubwa ya almasi duniani.

Utajiri ukaja kweli kweli. Mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54 lilitoka hapo, naye akampa Princess Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Alivutana na De Beers kuhusu soko na hakuwa mtu wa kutishwa. Mwadui ukawa mji wenye nyumba na hospitali yake.

Halafu koo likamshinda. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu. Visababishi vyake vikubwa ni tumbaku na pombe, na anayetumia vyote viwili hatari yake inazidi kwa mbali ya anayetumia kimoja. Unajengeka kimyakimya kwa miaka. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni ndogo: sauti inakwaruza, wengi wanasema ni mafua au vumbi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda ukapimwe. Ikigundulika mapema, nafasi ya kupona ni kubwa.

Na vumbi lenyewe si la kupuuza. Kule Geita, kijana anayeshinda kwenye duara au kwenye karasha anavuta vumbi la mawe lenye silika. Hilo linatia makovu mapafuni na linaweza kuleta saratani ya mapafu. Akiongeza sigara, anajiongezea mzigo. Maji ya kulowanisha mawe yanapunguza vumbi sana, na barakoa inayofaa inasaidia. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Zamani za Williamson, Bugando haikuwepo, ilifunguliwa 1971. Leo mgonjwa wa saratani Kanda ya Ziwa anaweza kutibiwa Mwanza bila kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam.

Williamson hakuoa. Mali yake ilikwenda kwa ndugu zake, na mwaka huohuo wa 1958 mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.