Marehemu Fundi Konde na Gitaa Lililotiwa Adabu

Miongoni mwa wana wa pwani waliolichukua gitaa wakatoka nalo ulimwenguni, marehemu Fundi Konde ana daraja yake peke yake. Alikuwa katika watu wa mwanzo kabisa nchini Kenya kulipiga gitaa la umeme, zama ambazo wengi wa wenziwe walikuwa bado wanapiga gitaa kavu barazani na vilabuni. Najua wamo wasomaji wasiokuwa na haja na gitaa, na hoja yao siijadili hapa. Mimi mwenyewe nimelelewa chuoni, na ala niliyoijua kwanza ni matari ya maulidi. Lakini mtu wa mashairi hawezi kumpita Fundi Konde, maana alifika penye jambo ambalo latusumbua hata leo: mashine ya kukuza sauti iwekwe wapi ili isije ikayala maneno.

Alizaliwa mwaka 1924 upande wa Kilifi, Mgiriama wa asili. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la KAR, jeshi lililowapeleka vijana wetu hadi Burma. Watu huzitaja vita hivyo kwa mizinga na vifo, na ni haki yao. Lakini kwa muziki wa Afrika Mashariki vilikuwa pia chuo. Vijana waliokuwa wakipiga kwa kubahatisha walikutana na wapigaji wa nchi nyingine, wakashika ala za kila namna, wakasikia dansi za Kizungu na rumba ya Kuba. Waliorejea hawakuwa wale walioondoka.

Baada ya vita Konde alikwenda Nairobi, akafanya kazi na Peter Colmore, yule Mwingereza aliyerekodi santuri za HMV na ambaye pia aliwaleta Kenya wapiga gitaa mashuhuri wa Katanga, Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo. Katika miaka ya hamsini hapakuwa na mji wenye gramafoni ambao haukulijua jina la Konde. Alitunga Tausi, akatunga Majengo Siendi Tena, akatunga Ajali Haikingiki, jina ambalo peke yake latosha kumwonyesha msomaji kuwa mtunzi ni mtu wa pwani.

Sasa tulitazame gitaa lenyewe. Gitaa la umeme lina sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nayo imewekwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme kidogo huzaliwa katika ule waya. Amplifaya huukuza na kuupeleka kwenye spika. Spika nayo huitikisa hewa tukasikia. Hadi hapo ni kheri. Lakini ile hewa iliyotikiswa ikirudi kwa nguvu, hulitikisa tumbo la gitaa pamoja na nyuzi zake, zikatoa sauti ambayo hakuna kidole kilichoipiga. Sauti hiyo yaingia mashinini, yakuzwa, yatoka, yarudi tena. Ikiwa kila mzunguko yarudi kubwa kuliko ilivyotoka, hazipiti nukta mbili ila ukumbi mzima umejaa mlio mmoja mkali. Asiyewahi kushika gitaa aujua mlio huo vilevile, kwani ndio ule ule wa msikitini pindi mtu asimamapo na maikrofoni mbele ya spika, wazee wakaziba masikio.

Magitaa ya umeme ya mwanzo mengi yalikuwa na tumbo wazi kama gitaa kavu, yaani sanduku tupu lenye matundu, na sanduku tupu hupokea mtikisiko upesi mno. Gitaa la ubao mzima lisilokuwa na uwazi lilianza kuuzwa kwa wingi Marekani kuanzia 1950, na moja katika faida zake ni hiyo ya kutolia ovyo. Wenye kupenda sauti ya gitaa la tumbo walibaki wakipambana nayo. B. B. King, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya Konde, aliishia kutengenezewa na kampuni ya Gibson, mwaka 1980, gitaa lisilokuwa na matundu usoni, ili lisilie.

Nilipata kuiona kadhia hii kwa macho yangu mbali sana na bahari. Nilialikwa harusini Suam, ng'ambo ya Kitale, chini ya Mlima Elgon, pale ambapo mto wa jina hilo ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Ukumbi ulikuwa wa mabati juu na saruji chini, hapana zulia wala pazia la kunyonya sauti. Kijana mpiga gitaa alikuwa ameiweka spika nyuma yake, gitaa la tumbo kifuani, naye aimba Tausi. Kila alipofika katika maneno yenyewe, gitaa likapiga yowe. Bibi harusi aliinamisha kichwa, na wageni wakacheka. Nikadhani ataongeza sauti kama wafanyavyo wengi, wakidhani kelele hutibiwa kwa kelele. Hakufanya hivyo. Aliisogeza spika mbele yake ikawaelekea watu, akasimama ubavuni mwake, akapunguza sauti kidogo, akazungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka ule mlio ukafa. Kisha akachukua leso mbili akazisokomeza ndani ya tundu la gitaa. Kila alipopumzika kati ya beti, aliziba nyuzi kwa kiganja zisije zikajitikisa zenyewe. Wimbo ukasikika herufi kwa herufi, na mzee mmoja aliyekaa karibu nami, mtu wa huko huko bara, akawa anauimba wote kwa moyo, akiutangulia hata ubeti kabla kijana hajaufikia.

Nilistaajabu kwamba wimbo wa Mgiriama umekaa kifuani mwa mtu wa Suam miaka yote hiyo, kisha nikaona haistaajabishi. Zisikilizeni santuri za Konde. Gitaa lake ni la umeme lakini halipandi juu ya sauti ya mtu. Lapita chini, lajibu mwisho wa mstari, lanyamaza pale kina kinapotua. Sauti mbili huimba pamoja, na kila silabi yafika. Hii ndiyo adabu ninayoisema.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Jimi Hendrix, aliyefariki London mwaka 1970 akiwa na miaka 27, aliutafuta ule mlio kwa makusudi. Akisimama karibu na spika na kuligeuza gitaa huku na huku, aliuongoza kama nahodha aongozavyo tanga. Ulikuwa ufundi mkubwa, wala siukanushi. Ila Hendrix aliweza kuyaacha maneno nyuma, gitaa likasema badala yake. Wimbo wa Kiswahili hauna nafasi hiyo. Kwetu wimbo ni shairi kwanza, na mlio ukifunika kina umeiba nusu ya ubeti. Vijana wa leo wenye mashine kubwa kuliko ukumbi wanaopigia wangalikaa na santuri hizo usiku mmoja tu.

Umaarufu wa Konde haukudumu kwa kiwango chake cha mwanzo. Mitindo mipya iliingia, kutoka Kongo na kutoka Ulaya, na jina lake likabaki kwa wazee. Lakini hakufa amesahauliwa. Them Mushrooms, vijana wa pwani kama yeye, walishirikiana naye kuzirudia nyimbo zake kwa vyombo vipya. Na mwaka 1994 ilitoka sahani iliyokusanya rekodi zake za mwaka 1947 hadi 1956, akazisikia tena sauti za ujana wake, zimesafishwa mikwaruzo, na gitaa lingali limetulia chini ya maneno. Alifariki mwaka 2000.