Sultani wa Kilwa aliyempa fakiri mavazi yake

Miongoni mwa watawala wa kale wa pwani ambayo leo ni Mkoa wa Lindi, al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa Kisiwani anakumbukwa zaidi kwa nguo alizozivua. Alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Ujanani alikwenda kuhiji Makka na kukaa Aden akisoma. Magofu ya kasri la Husuni Kubwa yanahusishwa na utawala wake, na sarafu ya shaba yenye jina lake imepatikana mbali sana, Zimbabwe Kuu. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, ameandika kuwa Ijumaa moja, Sultani akirejea nyumbani baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akaomba nguo alizokuwa amevaa, tena papo hapo. Sultani alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, kisha akamwita fakiri azichukue zile za kwanza. Fakiri alizifunga, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Haikuwa sadaka ndogo. Nguo wakati huo ilikuwa mali iliyobadilishwa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Aidha, katika dola nyingi za Kiislamu, joho la heshima lilitoka kwa mtawala kwenda kwa waziri, jemadari au balozi, nalo lilimfungamanisha mpokeaji na enzi. Sultani wa Kilwa alimpa mpita njia asiye na cheo, naye alikuwa na desturi ya kuketi na kula pamoja na mafakiri.

Mwanawe, mrithi wa kiti, hakuridhia mavazi ya enzi yaishie kwenye furushi la ombaomba. Aliyakomboa kwa kumlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru kwa tendo lake, aliongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo sifa hiyo inapoonyesha upande wake wa pili. Msafiri huyo huyo anaeleza kuwa Sultani alizishambulia mara kwa mara nchi za bara na kurudi na ngawira, ambayo sehemu yake ya tano aliitenga kwa matumizi yaliyoamriwa na dini. Watu ishirini walitolewa kwa sababu ya vazi moja, na majina yao hayakuandikwa.

Baada ya kifo cha al-Hasan, ndugu yake Daud alishika utawala. Mafakiri waliomwendea waliambiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakisubiri kidogo, hata wakaacha kubisha hodi.