Mwana Kupona: Mgonjwa aliyemrithisha bintiye maneno

MWANA Kupona binti Msham alikuwa ameugua kwa mwaka mzima alipotambua kwamba katika muda wote huo hakuwa amempa bintiye, Mwana Hashima, neno la maana la kumwongoza maishani. Akamwita aketi karibu naye, aje na wino na karatasi.

Alizaliwa katika kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho uliosifika kwa wanazuoni na mafundi wake. Katika miaka ya 1840 Siyu ilipambana na majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar, na Bwana Mataka ndiye aliyeongoza upinzani huo. Mkewe, basi, aliyajua maisha ya enzi na misukosuko yake.

Lakini alipotunga wasia wake mwaka 1275 wa Hijria, yaani karibu mwaka 1858, alikuwa mjane na mgonjwa, na enzi haikuwa tena jambo la kumshughulisha.

Katika beti 102 za Kiamu, anamwahidi binti kidani cha lulu na marijani. Kidani chenyewe si cha sonara. Kila lulu ni nasaha: ashike dini, awe na adabu, achunge ulimi wake, wala asimsumbue mhitaji ajapo mlangoni bali afanye hima kumsaidia kwa awezalo.

Sehemu kubwa ya utenzi inahusu utiifu kwa mume, na baadhi ya wasomi wa zama hizi wameikosoa kwa kumfunga mwanamke. Hata hivyo, mama huyo alikuwa akizungumzia kilichompa faraja yeye mwenyewe. Kumbukumbu anayoishikilia kuhusu ndoa yake si ya vita wala ya cheo. Ni kwamba waliishi kwa masikizano, na mumewe alipofikwa na mauti alimpa radhi zake tena na tena. Mbele ya kaburi, radhi hizo ndizo alizozihesabu kuwa mali.

Kisha anamwelekea Mungu, akiwaombea watoto wake na jamaa zake, na kujiombea afueni na mwisho mwema. Anawaalika pia wanawake wengine wausome wasia huo na kuuzingatia.

Mwana Kupona alifariki baadaye. Maneno aliyomwachia binti mmoja yalinakiliwa kwa mkono, yakachapishwa Uingereza mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, na hadi leo ni miongoni mwa tendi mashuhuri zaidi za Kiswahili.