Artusi: Muuza hariri aliyewaachia wapishi wake hela za kitabu

Sherehe za Uchagani siku hizi huwa na keki mbili. Ya kwanza ni ya ngano, ya ghorofa tatu, imejaa maua ya krimu. Ya pili ni ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa kwa majani, ambayo wengi huiita keki ya Kichaga.

Ndafu ina mwenzake tangu zamani: mbege ya ndizi mbivu na ulezi. Ila keki ya ngano inyweshwe na nini?

Waitalia wana jibu lao, na mmoja wa walioliweka kwenye maandishi ni Pellegrino Artusi. Huyu hakuwa mpishi. Alikuwa muuza hariri.

Alizaliwa Agosti 4, 1820 Forlimpopoli, mji mdogo kaskazini mwa Italia. Usiku wa Januari 25, 1851, genge la jambazi Stefano Pelloni liliuvamia mji, likawateka matajiri waliokuwa kwenye ukumbi wa maonyesho, kisha likaenda kupora majumbani mwao. Nyumba ya kina Artusi haikupona. Dada yake, Gertrude, alishambuliwa, na tangu hapo akili yake haikukaa sawa.

Familia ikahamia Florence. Huko Artusi alipiga biashara hadi miaka ya 1860, akaona hela inatosha, akapumzika. Hakuoa. Muda wake wote ukaenda jikoni, akiwa na wapishi wake wawili, Francesco Ruffilli na Marietta Sabatini. Wao wanapika, yeye anaonja na kuandika vipimo.

Mwaka 1891, mwaka aliofariki Mangi Rindi wa Moshi, kitabu kilikuwa tayari. Wachapishaji wakamtolea nje. Artusi, akiwa na miaka kama 70, akaingia mfukoni mwake na kuchapa nakala 1,000.

Mwanzoni kilisuasua. Baadaye wasomaji, wengi wao kina mama wa nyumbani, wakaanza kumtumia barua za kumsahihisha na kumpa mapishi yao. Mapishi 475 ya mwanzo yakafika 790.

Keki moja humo aliipa jina la mpishi wake: Panettone Marietta. Ni unga, siagi, sukari, mayai, maziwa, zabibu kavu na ganda la limau. Haiumuliwi kwa hamira bali kwa magadi, kwa hiyo haina kazi ya kusubiri. Mtu anayeoka keki za oda nyumbani kwake Majengo au Pasua anaiweza bila shida.

Kuhusu mvinyo, Artusi alishauri usio na sukari unywewe wakati wa chakula, mtamu usubiri mwisho. Sababu yake iko mdomoni: ukila keki kisha ukanywa mvinyo mkavu, mvinyo huo unageuka mkali na mchachu. Kinywaji kinatakiwa kiwe na utamu unaolingana na keki au kuizidi. Ndiyo maana Waitalia hunywa Moscato d'Asti na panettone, na vin santo ya Tuscany na biskuti za lozi. Marsala ya Sicily wao huipiga pamoja na viini vya mayai na sukari, ikawa zabaione.

Artusi alifariki Florence Machi 30, 1911 akiwa na miaka 90, mwaka ambao reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi. Wosia wake uliposomwa, haki za mauzo ya kitabu zilikwenda kwa Marietta na Francesco. Jina la kwenye jalada lilikuwa lake, ila alijua mikono iliyokanda unga ni ya nani.

Leo Forlimpopoli kuna kituo cha mapishi kiitwacho Casa Artusi. Wanaofundisha hapo kukanda na kusukuma unga huitwa Mariette, kwa heshima ya mpishi yule.

Uchagani, vipimo vya mbege na namna ya kubanika ndafu bado viko zaidi vichwani mwa wazee kuliko vitabuni. Nao wana majina.